Taa za Watu na Magharibi Yetu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, ageuzaye usiku na mchana, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baada ya hayo:

Kila mwaka ufikapo ukingoni hutujia barua za ndugu zetu wakaao Ulaya na Marekani, na swali lao, ingawa kila mmoja huliuliza kwa maneno yake, huwa ni moja: tuwafanyeje watoto wetu katika mwezi wa Disemba? Mji wote umewashwa taa, maduka yote yamepambwa, na shuleni hakuna linalozungumzwa ila Krismasi. Je, tuwafungie ndani, au tuwatoe wakatazame?

Miaka ya nyuma tulikuwa tukilijibu swali hili kwa maneno mawili matatu na kupita. Lakini wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Disemba iliyopita Mwenyezi Mungu alitujaalia kukilalia kitanda hicho. Tulialikwa London na mtoto wa ndugu yetu, ambaye yeye na mkewe wamezaliwa pwani yetu, na watoto wao wamezaliwa huko. Tukakaa kwao majuma matatu. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu tuliyoyaona, na kosa tulilolifanya, na jibu tulilorudi nalo.

Mtu wa pwani akiambiwa kuna baridi hudhani ni ile ya kipupwe chetu cha mwezi wa Julai, ambayo shuka nzito yaitosha. Hiyo ya London si hiyo. Lakini jambo la kwanza lililotushangaza halikuwa baridi, bali jua. Katika siku zile za mwisho wa Disemba jua la London huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na haijatimia saa kumi alasiri limekwisha kutua. Hata adhuhuri halipandi. Huwa limeinama kama jua letu la saa moja asubuhi, na kivuli cha mtu mfupi hulala barabarani kirefu kama mnazi. Kwa hiyo adhuhuri huingia karibu na saa sita, alasiri huingia kabla ya saa nane, na magharibi huingia kabla ya saa kumi. Sala tatu zafuatana kama shanga katika uzi mfupi. Anayeketi kidogo kunywa chai na kuzungumza, akiinua kichwa hukuta moja imempita.

Imepokewa kwamba majira ya baridi ni majira mema ya muumini, kwa kuwa mchana wake ni mfupi akaufunga, na usiku wake ni mrefu akasimama kusali. Sisi tulikuwa tukiyasoma maneno hayo bila ya kuyaonja, kwa sababu kwetu mchana na usiku hazipishani sana mwaka mzima. Huko tuliyaonja. Wenyeji wetu wana desturi ya kulipa siku zao za Ramadhani katika mwezi wa Disemba, maana saumu yake ni ya saa kumi tu, na ile ya mwezi wa Juni hupindukia saa kumi na saba. Hata wudhu una mafunzo yake kule. Maji ya bomba hukata vidole, na hapo ndipo mtu hujua kwa nini tuliahidiwa malipo kwa kuutimiza wudhu katika hali ya kuchukiza. Tena ndipo tulipoithamini ruhusa ya kupangusa juu ya khofu, mchana na usiku mmoja kwa aliye mjini kwake, na siku tatu na usiku wake kwa msafiri. Mas'ala tuliyoyasoma chuoni tukidhani ni ya watu wengine.

Nyumba ya wenyeji wetu haikuwa mbali na bustani kubwa iitwayo Regent's Park, na kila asubuhi tulikwenda huko na mjukuu wetu, binti wa miaka saba, ambaye shule ilikuwa imefungwa. Miti yote imepukutisha majani, matawi yamebaki meusi juu ya anga la kijivu kama maandishi yaliyoandikwa kwa wino mkavu. Mabata huogelea katika ziwa bila ya kujali baridi. Asubuhi moja tuliikuta sakitu imelala juu ya nyasi zote, umande ulioganda ukawa mweupe, na kila jani limepigwa ukingo wa fedha. Mtoto akakanyaga akasikia nyasi zikivunjika chini ya kiatu, akacheka, akakanyaga tena. Sisi tulisimama tukasema Subhanallah, na machozi yalitutoka, wala hayakuwa ya baridi peke yake.

Twawaambia sababu yake. Katika dua tunazomwombea maiti wetu katika sala ya jeneza imo ile ambayo twamwomba Mungu amwoshe marehemu kwa maji na kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Dua hiyo tumefunzwa utotoni, na tumeisoma mara zisizo na hesabu juu ya wazazi wetu na rafiki zetu, katika joto la kaskazi, jasho likitutiririka, katika nchi ambayo hakuna aliyepata kuiona theluji kwa macho yake. Theluji yenyewe hatukubahatika kuiona, kwani hata London haianguki sana. Mji ule ni mkubwa na wenye joto la nyumba nyingi, na bahari haiko mbali nao. Lakini sakitu ile ilitutosha. Tulifahamu ni usafi wa namna gani tuliokuwa tukiwaombea wafu wetu miaka yote hiyo.

Baridi ya mji ule, kwa khabari za vitabu, ilikuwa kali zaidi zamani. Mto Thames ulikuwa ukiganda baadhi ya miaka hata watu wakifanya soko juu ya barafu, na soko la mwisho la namna hiyo lilikuwa katika mwaka wa 1814. Baadaye daraja la kale, ambalo nguzo zake nene zilikuwa zikiyazuia maji, lilivunjwa katika mwaka wa 1831, na mto ukaenda mbio usigande tena mjini. Na wako wazee wanaokumbuka Disemba ya mwaka wa 1952, ulipoteremka ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa, ukakaa siku tano, na watu kwa maelfu wakafa kwa vifua. Kwa ajili ya balaa ile ilitungwa sheria ya hewa safi katika mwaka wa 1956. Ukungu mweupe tulioutazama sisi kwa furaha umesafishwa kwa sheria, na hilo nalo ni funzo.

Sasa tuje kwenye taa.

Siku moja baada ya sala ya alasiri tulitoka nyumba nzima: mwenyeji wetu, mkewe, watoto wawili na sisi. Tulianzia Trafalgar Square, ambapo umesimamishwa mti mkubwa wa jamii ya misonobari, aghlabu urefu wake huzidi mita ishirini. Taa zake ni nyeupe, nazo hazikuzungushwa, bali zimening'inizwa moja kwa moja kutoka kileleni hadi chini, kwa desturi ya watu wa Norway. Tulipouliza sababu, tuliambiwa khabari iliyotupendeza. Ujerumani ilipoivamia Norway katika mwaka wa 1940, mfalme wa nchi hiyo, Haakon wa saba, alikimbilia London pamoja na serikali yake, wakapewa hifadhi hadi vita vilipokwisha katika mwaka wa 1945. Tangu mwaka wa 1947 watu wa mji wa Oslo hukata mti mmoja kila mwaka katika misitu yao, wakauvusha bahari, wakawapa watu wa London kuwa ni shukrani. Wako wenyeji ambao huutazama mti wakaucheka kuwa mwaka huu umekonda. Lakini zawadi yenyewe haijakatika.

Tukasema moyoni: watu walipewa hifadhi katika siku za dhiki, na baada ya zaidi ya miaka sabini bado wanashukuru. Sisi ambao Mtume wetu ametufunza kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mungu, ni wangapi kati yetu tuwakumbukao waliotupa hifadhi? Na tukikumbuka kwamba hifadhi ya kwanza waliyoipata Waislamu ilikuwa katika nchi ya Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo, haya yatuelekea sisi khasa.

Kutoka hapo tukaingia Regent Street. Ewe msomaji, hatutaki kukuficha: ni pazuri. Barabara imepinda kama upinde, majumba ya mawe yamesimama pande mbili, na juu yake zimetundikwa sanamu za taa zenye umbo la malaika waliokunjua mbawa, mmoja nyuma ya mwingine hadi jicho lichoke. Malaika hao walianza kutundikwa katika mwaka wa 1916 ukiongeza miaka mia kamili, yaani 2016. Lakini kupambwa kwa barabara ile kwa taa za Krismasi kulianza katika mwaka wa 1954, na Oxford Street iliyo jirani yake ikafuata katika mwaka wa 1959. Mwaka wa 1954 haukuwa mwaka wa bure. Ndio mwaka ambao Waingereza walitolewa katika mgao wa chakula uliowabana tangu siku za vita, vita ambavyo wakati wake taa zote za mji zilikuwa marufuku usiku kwa kuogopa ndege za adui. Watu waliokaa gizani walitamani mwangaza, na wenye maduka walitamani wateja. Mambo mawili hayo yalikutana, taa zikawaka. Kanisa halikuwa na mkono mkubwa katika jambo lile.

Watu walikuwa wengi mno, bega kwa bega. Mtoto alikuwa amepakatwa mabegani na baba yake, uso wake umemeremeta kwa taa. Akateremshwa, akatushika mkono, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuchanganya: "Babu, mbona sisi hatuna taa?"

Tukanyamaza. Tukamwambia, "Twende, mama, baridi ni kali." Hilo ndilo kosa la kwanza, nalo ni letu sisi tuliokwisha kuandika kurasa nyingi za kuwafunza wengine kulea watoto. Mtoto ameuliza swali la haki, naye amepewa jibu la baridi.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Tuliendelea kutembea, tukatazama madirisha ya maduka, tukanunua njugu za moto za kuchoma zinazouzwa njiani, tukapiga picha. Mara mama wa watoto akatazama saa, akasimama katikati ya njia, uso umembadilika. Ilikuwa imepita saa kumi na mbili. Magharibi ilikwisha kuingia na kutoka, na isha imeingia, na katika watu wazima watatu hakuna hata mmoja aliyekumbuka. Kwetu jua likituama saa kumi na mbili na nusu, adhana yasikika kila mtaa, maduka yafungwa nusu mlango, mtu hawezi kusahau hata akitaka. Kule jua lilitua sisi tukiwa chini ya taa elfu, hatukujua kuwa limetua, kwa sababu mwangaza haukupungua. Wala tusijitetee kwa usafiri, maana tulikuwa tumekwisha kaa London zaidi ya siku nne, na asiyenuia kuichelewesha sala hana ruhusa ya msafiri wa kuichelewesha. Tuliisali kadha nyumbani, kimya, pamoja na wenyeji wetu. Hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Usiku ule hatukupata usingizi. Tulikuwa tumekwenda London na hofu kwamba taa za watu zitamvuta mtoto atoke katika dini. Kumbe taa zile hazikumfanya mtoto kitu chochote ila kumfanya aulize. Zilizotoka mikononi ni sala za wazee wake. Basi tukaamua kwamba tutatoka tena, wala hatutawafungia watoto ndani. Ila mara hii tutatoka kwa mpango.

Siku ya pili yake tulikwenda kwanza katika msikiti mkuu ulio ukingoni mwa ile Regent's Park, wenye kuba la dhahabu, uliofunguliwa katika mwaka wa 1977. Kuba lile jioni ya baridi, miti myeusi imelizunguka, ni katika sura nzuri za mji ule, nalo halikuwekwa kwa ajili ya mwezi mmoja. Tukaisali magharibi kwa jamaa, safu zimejaa watu wa kila rangi, makoti yametundikwa ukutani, viatu vimelowa. Tulipokwisha, ndipo tukateremka kwa miguu hadi kwenye taa. Mtoto alifurahi zaidi kuliko jana, na sisi vilevile, kwa kuwa nyoyo zetu hazikuwa na deni. Hapo tukamwambia: "Jana uliuliza, nasi hatukukujibu. Leo tutakujibu, lakini tusubiri tufike pahali pake."

Mahali penyewe palikuwa Kew, bustani ya miti iliyo magharibi ya mji, tuliyokwenda siku ya tatu mchana. Humo mna nyumba kubwa ya vioo iliyojengwa kati ya mwaka 1844 na 1848 kwa ajili ya miti ya jamii ya minazi na mitende. Nje nyasi zina sakitu. Ukifungua mlango, joto la kwetu lakupokea usoni, na miwani yaingia ukungu. Tukaketi chini ya mti mmoja wa jamii ile, tukamwambia mtoto hivi: zile taa na mapambo ni furaha ya watu wanaokumbuka kuzaliwa kwa Nabii Isa, amani iwe juu yake. Sisi nasi twampenda Isa. Jina lake limetajwa katika Kurani mara ishirini na tano, na mama yake, bibi Maryam, ndiye mwanamke pekee aliyetajwa humo kwa jina, na sura nzima imeitwa kwa jina lake. Katika sura hiyo mna khabari ya kuzaliwa kwa Isa. Humo hamna msonobari wala theluji. Mna mtende. Maryam alikuwa peke yake, uchungu umemfika, akauegemea mtende, akaambiwa autikise shina lake aangukiwe na tende mbichi zilizoiva, na chini yake pakapitishwa kijito cha maji.

Mtoto akautazama ule mti juu hadi kileleni, akauliza kama mti kama huu ndio wenyewe. Tukamwambia ni jamaa yake. Kisha tukamwambia lililo zito bila ya kulizungusha: kwamba Wakristo wanasema Isa ni mwana wa Mungu, na sisi twasema ni mja wa Mungu na Mtume wake, na Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Hapo ndipo njia zetu zinapoachana. Kwa hiyo sisi twatazama taa zao kwa wema, kama mtu atazamavyo harusi ya jirani, wala hatuziwashi nyumbani mwetu. Akasema, "Basi sisi harusi yetu ni Idi." Wallahi hatukuwa na la kuongeza.

Sasa, ndugu zetu wazazi mlioko katika miji hiyo, hili ndilo jibu letu, nalo twaliweka katika mambo manne.

Kwanza: sala iwe ndiyo mpango, na matembezi yafuate sala, si kinyume chake. Katika Disemba ya Ulaya magharibi huingia wakati ambapo taa zimekwisha kuwashwa na jamaa wako njiani. Jueni kabla ya kutoka ni wapi mtaisali. Mtoto akiona kwamba baba na mama wameuacha mwangaza wa barabara nzima wakaenda kusujudu kisha wakarudi, amepata funzo ambalo vitabu kumi haviwezi kumpa. Na akiona wamesahau, amepata funzo jingine.

Pili: jueni mnachokitazama. Si kila kilicho katika Krismasi ni ibada, wala si kila kilichomo ni mchezo. Mti wa kupambwa ulitoka Ujerumani. Malkia Charlotte, aliyekuwa Mjerumani, alisimamisha mmoja Windsor katika mwaka wa 1800, na picha ya jamaa ya Malkia Victoria wameuzunguka mti, iliyochapwa gazetini katika mwaka wa 1848, ndiyo iliyoieneza desturi hiyo katika nyumba za Waingereza. Na tusidhani kwamba Wakristo wenyewe wamekuwa na kauli moja. Katika mwaka wa 1647 Bunge la Uingereza liliipiga marufuku Krismasi, likisema haimo katika maandiko, na haikurudi waziwazi ila mwaka wa 1660 ufalme uliporudi. Katika Scotland siku hiyo haikufanywa siku ya mapumziko rasmi mpaka mwaka wa 1958. Basi kutazama taa za barabarani ni jambo moja. Kuingia katika sala na nyimbo za kumwabudu asiyekuwa Mungu ni jambo jingine, na hapa pana mpaka. Ikiwa shuleni mtoto atakiwa kushiriki katika ibada, sheria ya Uingereza tangu mwaka wa 1944 imempa mzazi haki ya kumtoa mwanawe katika ibada ya shule. Mzazi aende kwa adabu, aseme na mwalimu mapema, wala asingoje siku yenyewe akamfedhehesha mtoto mbele ya wenzake. Ama kupongezana kwa maneno, wanazuoni wamekhitalifiana: wako walioharimisha, na wako, khasa katika wanazuoni wa Ulaya wa siku zetu, walioruhusu maneno ya wema yasiyokuwa na ndani yake kuikubali itikadi. Kila mtu amfuate mwanachuoni anayemwamini, wala asimtukane mwenziwe.

Tatu: jirani. Siku ya tarehe 25 Disemba London hunyamaza. Treni hazitembei, mabasi hayatembei, maduka yamefungwa, na barabara ambazo jana zilikuwa hazipitiki leo ni tupu kama jangwa. Wenye jamaa wamekaa na jamaa zao. Lakini wasio na jamaa, siku hiyo huwauma kuliko siku zote. Jirani wa wenyeji wetu ni mzee mjane ambaye watoto wake wako mbali. Mama wa nyumba alimfungia sahani ya sambusa na mandazi, akamtuma mtoto apige kengele. Mzee akafungua, akakaa kimya muda, kisha akasema kwamba tangu asubuhi hajasema na mtu. Mtoto akarudi akitusimulia hayo kwa mshangao, kwamba iko siku ya furaha na mtu asiseme na mtu. Vilevile wako Waislamu wafanyao kazi hospitalini ambao siku hiyo hujitolea kushika zamu ili wenzao Wakristo wapate kukaa na watoto wao. Mwenyezi Mungu hakutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita wala kututoa majumbani mwetu. Hii haikuwa kuisherehekea Krismasi. Hii ilikuwa haki ya jirani, nayo ni katika dini yetu.

Nne, nalo ndilo jibu la lile swali la mjukuu wetu: mbona sisi hatuna taa? Ukweli ni kwamba tunazo, ila wengi wetu tumeziacha zizimike. Ikifika Idi, wako wazazi huko ambao huenda kazini kama siku nyingine, watoto wakaenda shule, jioni wakala wali wa jana, wakalala. Kisha ikifika Disemba wanashangaa kwa nini mtoto anatamani furaha ya wengine. Mtoto hana kosa. Jicho hufuata mwangaza. Ombeni ruhusa kazini mapema, wavisheni watoto nguo mpya, waamkieni wazee kwa simu, iteni wageni, nyumba inukie udi. Katika mwaka wa 2023, kwa mara ya kwanza, taa za Ramadhani ziliwashwa katikati ya London, karibu na Piccadilly Circus, hatua chache kutoka Regent Street. Lakini taa ya barabarani haiwezi kufanya kazi ya taa ya nyumbani.

Na tukumbuke kwamba miezi yetu huenda na mwezi wa mbinguni, ikasogea nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka. Katika miaka ya 1998, 1999 na 2000 Krismasi iliangukia ndani ya Ramadhani, na waliokuwa London katika miaka ile walikuwa wakifuturu saa kumi jioni huku taa za Krismasi zikiwaka nje ya dirisha. Mwishoni mwa mwaka wa 2030 Ramadhani itarudi tena katika Disemba. Mjukuu wetu atakuwa amekua. Taa za watu zitakuwa palepale juu ya barabara. Swali ni kama ndani ya nyumba yake kutakuwa na futari mezani, na mkeka uliotandikwa, na mtu wa kusema: "Jua limetua, njooni tusali."

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe Magharibi yetu ile, awahifadhi watoto wetu popote walipo, na azitie nuru nyumba zetu kabla ya barabara zetu. Amina.